Kivuli Upande wa Ndani

Mimi ni fundi cherehani, na nina hasira za karibu. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nilipanda ngazi kwa yule Mchina mwalimu wa uchoraji kwa kupenda sanaa. Nilipanda kwenda kugomba.

Wiki ile alikuwa ameteremka kwenye korido yangu pale Marshalltown, Johannesburg, ninapokaa na cherehani mbili na meza ya kukatia, akaniachia hariri ya rangi ya majani makavu nimkatie vipande virefu vya kubandika pembeni mwa michoro yake. Nikamkatia. Kesho yake akavirudisha, akasema kwa Kiingereza chake kifupi kwamba havijanyooka. Mimi! Nimeshona suti za maharusi na majoho ya wachungaji wa Kikongo wenye vitambi vya kila namna, na hakuna aliyewahi kuniambia mkasi wangu umepinda. Nikachukua rula nikamfuata hadi ghorofa ya tatu. Tulipopima mbele yake, kipande kimoja kilikuwa kimekwenda upande kwa unene wa uzi mmoja. Uzi mmoja, jamani. Nikatafuta pa kuelekeza macho.

Mezani palikuwa na karatasi yenye milima. Ilikuwa ya wino mtupu, mweusi mzito chini, unaofifia kadiri unavyopanda hadi ukawa moshi. Lakini chini ya milima alikuwa amechora kibanda cha bati cha kuuzia sigara na mkate, spaza kama zilivyo mitaani kwetu, na hicho alikichora kwa mkaa na rangi, kikiwa na mwanga ubavu mmoja na giza ubavu wa pili, hadi ungeweza kuhisi joto la bati. Sikuwa nimewahi kuona vitu viwili visivyofanana vikikaa karatasi moja bila kugombana. Nilimwuliza anafundisha siku gani. Akasema Jumamosi.

Alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Utotoni kwao alifundishwa wino, ukubwani akasomea rangi za mafuta kwa Wazungu, na alituambia kwamba kwa sababu hiyo kila upande ulimwona amepotea. Somo lake la kwanza lilikuwa swali: mwanga unatoka wapi? Mchoraji wa Magharibi huanza na hilo, kwa sababu akishajua jua liko wapi, anajua kivuli kianguke wapi. Wale wa zamani wa kwao hawakuliuliza. Mlima wao haukuwa na asubuhi wala jioni, na haukuwa na kivuli. Yeye alikuwa amevichanganya kwa njia yake: ardhi na mbingu aliziacha bila saa, ila watu na vitu vyao aliviwekea jua.

Mwanafunzi mwenzangu alikuwa mlinzi wa mlango wa jengo letu, Mkongomani wa Bukavu, aliyekuja darasani na sare yake. Mimi ni mtu wa Tanga, na Kiswahili chake nilikuwa nakicheka waziwazi.

"Kiswahili kilikwenda kuzikwa kwenu," nilimwambia siku moja.

"Basi, mama, kaburi yake ndiyo inasema na weye sasa," akajibu, wala hakuinua brashi.

Nilicheka pamoja naye, lakini maneno yale yalinichoma mahali asipopajua. Mimi nilikuwa na kaburi langu linalosema, na ndilo lililonifanya baadaye nimwombe mwalimu kitu ambacho sikupaswa kumwomba mtu yeyote.

Miaka sita nyuma, kaka yangu aligongwa na gari mtaani Turffontein, asubuhi, akivuka kwenye taa za barabarani ambazo huku tunaziita robot. Alifika hospitali akiwa hai, kesho yake kabla ya adhuhuri akafariki. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Watu wa msikiti wa Mayfair walimwosha na kumkafini, na waliombeba ni Wasomali wenye maduka, ambao hawakumjua hata kwa sura. Mimi nilisimama mbali, karibu na magari, kwa kuwa sisi wanawake hatushuki makaburini. Nikawa nahesabu migongo ya watu wasiomjua.

Siku hizo hizo mama yetu alikuwa amelazwa Tanga, presha imempanda, mkono mmoja hausikii. Nilimpigia mama mdogo. Akalia, kisha akaniambia, "Usimwambie sasa, tutawazika wawili. Ngoja apate nafuu." Mama akapata nafuu. Mama mdogo akasema tungoje Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akatangulia mbele ya haki, siri ikabaki kwangu peke yangu. Mama aliniuliza kaka yuko wapi mbona hasikiki. Nikasema amepata kazi kwenye meli ya mizigo, anaondokea Cape Town, na baharini hakuna mtandao.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilirefuka, nami nikaenda nayo. Nilinunua laini nyingine ya simu, nikawa nampelekea mama ujumbe kwa jina la kaka: shikamoo mama, tumetia nanga, kesho tunaondoka. Mama hasomi vizuri, jirani yake ndiye aliyekuwa akimsomea. Mwanzoni kaka alisema nilichompangia aseme. Kisha siku moja, huku nikingoja pasi ipate moto, nikajikuta nimeandika kwamba kifua kinamsumbua tangu wiki iliyopita. Sikuwa nimekusudia. Nilikitazama kidole changu. Nilikuwa nimeshautuma, na mama akajibu mara tatu siku hiyo akimwuliza amekunywa nini.

Tangu hapo nilianza kumwogopa kaka. Mimi watu nawaona mabega kwanza, ndiyo kazi yangu. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, na kila koti nililomshonea nililiongezea pamba upande huo. Sasa nikawa naliona bega lile mchana kweupe, katikati ya watu wanaovuka barabara, mbele yangu kwenye foleni ya mkate, kwenye mlango wa lifti inayofungwa. Mara mbili nilikimbia nikamshika mtu. Mmoja alinitukana kwa Kizulu. Wa pili alinionea huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mama akaanza kudai picha. Nilituma za zamani, akasema hizo anazo. Nikasema simu ya kaka imevunjika kamera. Basi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia habari za darasa langu kwa kujigamba, akaniambia: "Si umesema huyo Mchina wako anachora watu wakafanana? Kakako meli yake ikitia nanga, aje huko Johannesburg akae achorwe. Nataka nizione mvi zake." Sijui hadi leo kama alikuwa ananitega. Nilisema ndiyo mama, akija.

Nikampelekea mwalimu picha ya pasipoti ya kaka, ya zamani, iliyokunjika kwenye shavu. Nikamwambia amwongeze miaka, amtie mvi kidogo masikioni, sasa ana arobaini na tisa. Nilimtajia umri huo bila kigugumizi, nimemhesabia mwaka baada ya mwaka ambao hakuwa nao. Na nikamwonesha kwa mwili wangu jinsi anavyosimama, bega la kushoto chini.

Kwa Jumamosi tatu alikuwa akibaki na mimi darasa likiisha. Uso aliuchora kwa njia ya Wazungu, kidogo kidogo, mkaa kisha rangi nyepesi, mwanga ukitoka kushoto kwetu tunaotazama, lilipokuwa dirisha lake. Siku ya pili nilimwona kaka yangu akitokea kwenye karatasi, amezeeka, na nikatoka nje nikashika ukuta wa ngazi. Alikuwa na mikunjo ya baba. Hakuwahi kuwa na mikunjo hiyo. Mwili mwalimu aliuchora kwa wino, kwa mipigo michache mipana, na bega likashuka palepale lilipotakiwa. Alipofika miguuni akasimama.

"Amesimama wapi?" akaniuliza.

"Kwenye meli."

"Umeiona meli hiyo?"

"Hapana."

"Saa ngapi?"

Hasira zikanipanda. Nikamwambia achore tu, mbona ananihoji kama polisi wa uhamiaji. Aliiweka brashi chini, akaisogeza mbali na mkono wake.

"Fundi," akasema, hivyo ndivyo alivyoniita, kwa Kiswahili alichokiokota kwenye korido, "watu wakitaka nimchore ndugu yao aliye hai, wananiletea picha ya simu, ya jana. Wewe umeniletea bega."

Nililia, na nikamwambia kila kitu. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa tangu mama mdogo afe, na sikupata ule wepesi ambao watu wanasema mtu anaupata akitubu. Nilijisikia nimevuliwa nguo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, akitafuta maneno, kwamba uso ameuchora kutoka kwenye kumbukumbu yangu na hauna uongo ndani yake. Lakini kivuli ni ushahidi kwamba mtu amesimama mahali, saa fulani, chini ya jua. Hicho hatakiweka. Nikitaka, nikiweke mwenyewe.

Mlinzi aliingia kuchukua funguo za kufungia mlango, akaitazama picha akiwa amesimama.

"Ule mutu ni nani?" akauliza. "Eish, mama. Sura iko na jua, lakini chini hana kivuli. Ule ni muzimu."

Nilijua mama ataliona hilo hilo, tena mapema. Kwetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mgeni usiyemwelewa umtazame miguu, halafu umtazame kivuli. Picha ile isingepita kizingiti cha nyumba yetu kabla mama hajauliza. Basi nikaiviringisha kwa uangalifu, nikateremka nayo kwenye meza yangu, na wino kidogo kwenye kikombe.

Kitambaa ukikosea unafumua. Karatasi ile ya Wachina ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu, inakunywa wino mara tu inapoguswa, na hakuna kufuta. Nikajiambia, kivuli kilale kulia, maana mwanga uko kushoto. Nikarudia mara kadhaa: kulia, kulia. Kisha nikafanya kile ambacho mkono wangu umefanya kwa miaka ishirini na saba bila kuniuliza. Fundi haweki alama kwenye uso wa kitambaa. Anakigeuza, anachora chaki upande wa ndani, ili mteja asiione. Nami niliwahi kumwona mwalimu akipaka wino nyuma ya karatasi alipotaka ukungu, ukapenya mbele ukiwa laini. Nikaona nimepata akili. Nikaigeuza picha, nikatafuta miguu ilipokuwa ikionekana kwa kupenya, nikalaza kivuli kulia.

Nilipoigeuza tena kilikuwa kimetoka vizuri mno, laini, kirefu, kimeshikana na visigino. Nikajipongeza, mjinga mimi. Niliangalia kama wino umetapakaa, nikaangalia kama umegusa suruali. Nilikuwa nimefurahi sana kwamba kipo, sikuangalia kimelala wapi.

Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza. Aliibandika kwenye karatasi nyingine ya kuikaza, nami nikamkatia hariri, safari hii imenyooka hata yeye hakupima. Lakini muhuri wake mwekundu, ambao huupiga kwenye kila kazi inayotoka mle ndani, hakuupiga. Nilidhani amenikasirikia kwa uongo wangu. Baada ya mambo yote kutokea nilimrudia, nikamwuliza kama aliona. Akasema aliona. Mbona hukuniambia? Akajibu kwamba alimfikiria mama yangu, na kwamba yeye pia ana mama aliyefichwa jambo, akakataa kuendelea. Nilimkasirikia miezi miwili. Sasa sijui.

Picha ilikwenda Tanga na mwanamke mfanyabiashara wa kwetu, imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Siku ya nane baada ya kuondoka, saa sita mchana, simu yangu ikaita. Mama kwa kawaida hubipu, nami nikampigia. Siku ile alipiga, akaacha iite.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko na watu hapo?"

"Nina mteja, mama."

"Mwambie angoje. Picha imefika. Amefanana. Bega ni lake, mikunjo ni ya baba yake. Nimeitundika, nikaiondoa, nikaitundika tena, kuna kitu kinanikataa. Leo nimeitoa nimekaa nayo barazani. Mwanangu, jua linampiga usoni upande wa mlango, na kivuli chake kimelala upande huo huo wa mlango. Linaingiaje hilo?"

"Labda mchoraji kakosea, mama."

"Aliyeuchora uso huu hakosei kivuli. Kivuli kaweka mwingine."

Kumbe kulia ya upande wa ndani, mbele ni kushoto. Nilikuwa na maneno mengi sana miaka ile, ya meli, ya bandari, ya dawa za kifua, na siku ile hata moja halikuja.

"Kakako amekufa lini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilimtajia siku, mwezi na mwaka, nikamwambia habari za gari na hospitali, na nani alimwosha. Mteja wangu alikuwa amesimama na suruali yake mkononi, hajui aondoke au abaki. Mama aliuliza kama meseji nilikuwa nikiandika mimi, nikasema ndiyo. Aliuliza kama kaka aliumia sana, nikasema sana. Sikuwa na nguvu ya uongo mwingine, hata ule ambao mtu mwema angeusema.

Hakulia. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini kana kwamba anaongea na mtu aliyekaa naye barazani.

"Miaka sita. Kila nikitoa salamu kwenye sala nimeinua mikono nikamwombea riziki. Nimemwombea bahari itulie. Nimemwombea mke mwema. Kumbe mwanangu yuko kaburini anangoja mtu amwombee rehema, na mimi mama yake namwombea mshahara."

"Mimi nilimwombea, mama. Kila Ijumaa, wallahi."

"Wewe hukumzaa."

Simu ikakatika. Salio lake lilikuwa limekwisha. Mimi nilikuwa nalo la kutosha, na sikuthubutu kupiga. Nilikaa nimeishika simu mpaka mteja akaiweka suruali juu ya meza taratibu na kuondoka.

Khitma ilisomwa nyumbani siku tatu baadaye. Jirani alinipigia akaiweka simu mkekani, nikasikiliza nikiwa chini ya meza yangu ya kukatia, maana kelele za barabarani zilikuwa nyingi. Nilisikia jina la kaka yangu likitanguliwa na neno marehemu, sauti za watu waliomjua tangu anatambaa. Laini ile nyingine niliivunja. Bega lake sijaliona tena mitaani, na kuna siku nasimama kwenye foleni ya mkate nikilitafuta.

Mama hanipigii. Salamu zake naletewa na jirani, kwa maandishi: mama anakusalimu, mama yu mzima. Kila nikizisoma najiuliza kama kweli ni zake au jirani ananionea huruma. Siwezi kuuliza. Mimi ni mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kuuliza swali hilo.

Lakini jambo moja jirani hawezi kuwa amelitunga. Anasema mama sasa humwombea kaka mara mbili baada ya kila sala, mara moja kwa ajili ya siku ya leo, na mara moja kwa ajili ya siku mojawapo ya zile zilizompita. Amezihesabu. Ana miaka sabini na mitano, na ili azimalize zote inambidi afike themanini na mmoja. Zamani alikuwa akisema ameishi vya kutosha. Siku hizi anamaliza chakula chake chote, na asubuhi anazunguka nyumba kunyoosha miguu, maana anataka kufika.